Kichaka cha Rozimari Alichoondoka Nacho Raymond

Mume wangu aliponiacha hakuchukua kitanda. Hakuchukua runinga, wala ile sabufa aliyokuwa anaijali kuliko ndugu zake wa damu.

Alichukua kichaka.

Usicheke. Namaanisha kichaka kweli, chenye mizizi, majani na udongo wake. Alikichimba mlangoni kwangu Jumapili asubuhi nikiwa kanisani, akakipakia kwenye kenta, akaenda nacho. Mimi narudi zangu na sare ya kwaya, nakuta shimo.

Tena shimo la maana, ndama angeweza kulala humo.

Jirani yangu, Mama Eustaki, alikuwa kwenye kibaraza chake anachambua maharage. Aliponiona nimesimama pale mdomo wazi, akainamisha kichwa kwenye ungo.

"Mama Eustaki, nani kachimba hapa?"

"Si shemeji Raymond! Kaja na vijana wawili na sululu."

"Na wewe hukuuliza?"

"Nilidhani mnajenga choo."

"Choo mlangoni?"

"Mwenzangu, siku hizi watu wanajenga ovyo."

Nikaingia ndani. Kabati upande wake jeupe. Hata soksi hakuacha. Simu ikalia, ujumbe: "Zita usinitafute. Nimeamua kuanza maisha mapya." Miaka tisa ya ndoa, maneno sita. Ukihesabu na jina langu ndiyo anafika hapo.

Sasa nikueleze hicho kichaka, maana najua unajiuliza huyu dada analilia jani au mume.

Nilikuwa nalilia jani.

Ilikuwa rozimari, ule mmea wa majani membamba yanayonukia. Baba yangu, mzee Kalisti, Mungu amlaze pema, alikuwa mtunza bustani wa misheni maisha yake yote. Alinipandia siku nilipopata kipaimara, mlangoni kwenye nyumba hii hii ya Kizwite, hapa Sumbawanga, ambayo ni ya kwake, na Raymond alinikuta nayo. Miaka kumi na tisa ilikuwa imenifika kifuani, kijani mwaka mzima.

Watu wa huku mnajua kiangazi chetu. Mvua ikikatika mwezi wa tano, ndiyo basi hadi wa kumi na moja. Upepo wa Ufipa unapiga, vumbi linaingia hadi kwenye meno, maua ya watu yote yanakauka. Rozimari ya baba ilikuwa inatuangalia tu. Tena katikati ya ukame huo ndipo inatoa vimaua vya bluu, nyuki wanajaa.

Baba alikuwa na masharti yake. Jua kali, udongo wa kokoto usio na rutuba, maji kidogo sana. Alikuwa ananiambia, "Zita, huu usiuhurumie kama mahindi. Ukiubembeleza unaoza mizizi."

Alipougua, kila jioni nilikuwa namchumia majani machache. Anayafikicha kiganjani, ananusa, anafumba macho. Siku yake ya mwisho alinusa hivyo hivyo. Kwa hiyo Raymond alivyoking'oa kile kichaka, kwangu mimi alikuwa amemchukua baba.

Jambo lingine unalotakiwa kujua: mimi ni mtu wa visasi. Sijisifu, natoa taarifa. Darasa la tano kuna msichana alinivunjia rula. Nilimlipa tukiwa kidato cha pili, yeye mwenyewe alishasahau.

Siku ya tatu nikatumiwa picha. Ni status ya mwanamke mmoja anaitwa Jenifa, mwenye saluni upande wa pili wa Kizwite. Imeandikwa: "Maji ya rozimari kutoka bustanini kwetu, nywele zinajaa ndani ya mwezi, karibuni warembo." Kashika chupa ya kupulizia, anatabasamu. Nyuma yake kuna kichaka kimefungwa kwenye gunia.

Bustanini kwetu!

Nilikaa na ile picha nikaikuza, nikaipunguza, nikaikuza tena. Lile tawi lililopinda kushoto nalijua, kuna siku niligonga na baiskeli. Nikasema sawa. Kumbe mume wangu kaenda kujipendekeza kwa msusi kwa kumpelekea mti wa baba yangu autengenezee maji ya nywele.

Rafiki zangu wa kwaya wakaja juu. Twende tukamzabe. Twende tukang'oe. Nikawaambia tulieni. Ukienda kupigana na mwanamke wa saluni, wateja watatoa simu, kesho yake mji mzima unakutazama ukivutwa wigi. Na kuking'oa tu hakutoshi. Nilitaka kichaka kife mikononi mwake. Taratibu. Aone kila jani linavyogeuka rangi, na asijue kwa nini.

Kuna mtu atauliza, "Lakini si cha baba yako?"

Ndiyo. Na bado nilitaka kife. Nilikuwa nimefika mahali nasema bora kikauke kabisa kuliko kimnukie Jenifa. Hasira ilikuwa imenikaa hapo, sikuona kitu kingine.

Basi Jumanne asubuhi, siku ambayo saluni hazina watu, nikafunga kilemba mpaka kwenye nyusi, nikachukua koleo, nikaenda.

"Hodi hapa."

"Karibu dada. Kusuka au kuosha?"

Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiria. Mwanya mbele, mikono ina mafuta. Nikamwambia mimi naitwa Edith, natunza maua ya watu, nimepita nikaona kichaka kwenye gunia, nikasikia vibaya maana kitakufa.

Akaniangalia. Aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida, kisha akavuta stuli.

"Kaa dada Edith. Kumbe Mungu kakuleta. Mimi nimekulia mjini Mbeya, kupanda hata mchicha sijui. Niambie nifanyeje."

Alitoa daftari, jamani. Daftari na kalamu, akakaa mbele yangu anasubiri mafundisho. Nilitaka kucheka nikajibana.

"Sikiliza mdogo wangu. Wewe umekuja Ufipa. Sisi huku tunalima kwa intumba, umewahi kuziona?"

"Yale matuta ya duara huko mashambani?"

"Hayo hayo. Nyasi zinazikwa chini, udongo unafunika juu, zinaozea humo, mahindi yanakula. Sasa na wewe chimba shimo refu, jaza nyasi mbichi, mimina samadi ya ng'ombe ndoo mbili, halafu ndiyo upande mti wako humo. Utaniambia."

Kwa mahindi na maharage, huo ni ushauri wa dhahabu, bibi zetu wameishi kwa huo. Kwa rozimari ni kaburi. Nyasi zikianza kuoza zinashika unyevu na joto, mizizi inaiva humo. Niliutoa nikiwa nimetulia kabisa, kama katekista.

Akaandika yote. Hata "ndoo mbili" akapigia mstari.

"Na maji?"

"Asubuhi na jioni. Usikose hata siku moja."

"Asante sana dada. Utakuja tena kunitazamia?"

"Kila Jumanne," nikasema. "Nisipokuja sitapata usingizi."

Hilo lilikuwa neno pekee la kweli nililosema siku hiyo.

Nilirudi nyumbani naimba. Nikala ugali wa ulezi na dagaa, sahani nzima, mara ya kwanza tangu Raymond aondoke.

Jumanne ya pili nikaenda kutazama mgonjwa wangu. Kichaka kimepandwa pembeni ya mlango wa saluni. Majani yamelegea kidogo. Moyo wangu ukaruka.

"Nimefanya kama ulivyosema dada Edith," Jenifa akasema. "Nyasi ziko huko chini."

Nikagusa udongo, umelowa. Safi. Nikampongeza. Nikamwambia aongeze mbolea ya kukuzia mahindi, kopo moja zima kwenye shina. Akaandika.

Jumanne ya tatu majani yamesimama.

Nikasema ni nguvu za mwisho mwisho, wagonjwa huwa wanafanya hivyo. Nikamwambia lile povu la kuoshea nywele, pamoja na maji yenye dawa za kulainisha, asimwage barabarani. Ampe mti, una vitamini. Akaniuliza, "Hata ile dawa kali?" Nikamwambia hiyo ndiyo inapendwa zaidi. Akaandika.

Jumanne ya nne kichaka kimetoa machipukizi.

Jamani! Nilisimama pale nahisi damu inanipanda kichwani. Nyasi mbichi, samadi, maji mara mbili kwa siku, mbolea ya mahindi, povu la saluni. Mti wowote wa aina ile ungeshakufa mara tano. Huu unanenepa!

"Unaonaje dada Edith?" Jenifa akauliza huku anafunga aproni yake.

"Unaendelea vizuri," nikasema, meno yameumana.

"Yote ni kwa sababu yako."

Njiani nilianza kumlaumu baba. Nilimwambia kwa sauti, watu wakageuka, "Mzee, uko upande gani?" Nilihisi kabisa kwamba huko aliko anaugangamaza ule mti ili anikomoe.

Jumanne ya tano nikaongeza maji yawe mara tatu. Ya sita kichaka kimejaa vimaua vya bluu na nyuki, wateja wanapiga nacho picha. Kuna mama mmoja kakaa hapo, kaniamkia shikamoo dada, eti kasikia mimi ndiye bingwa wa maua, niende nikamtazamie na yake. Nilikuwa natafuta kuua, nimekuwa bingwa.

Raymond mwenyewe sikukutana naye hata mara moja. Alikuwa anaendesha kenta kwenda Kasanga kubeba mizigo ya ziwani, anarudi siku za Ijumaa. Hilo nililihesabia mapema. Kumbe kuna watu wengine pia walikuwa wanahesabu.

Jumanne ya saba ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Baridi ile ya kwetu ilishaingia, asubuhi pumzi inatoka moshi, upepo unapita katikati ya sweta. Nikamkuta Jenifa peke yake. Redio imezimwa. Hakunivutia stuli.

"Vipi mdogo wangu, unaumwa?"

"Ana mtu Kasanga," akasema.

"Nani?"

"Mwanaume wangu. Wiki ya tatu hajarudi. Nimepiga simu, kapokea mwanamke. Kaniambia nisimsumbue, Raymond kalala."

Sitadanganya kwenye hili. Nilisikia raha. Ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Ilibidi niiname nijifanye nakaza kamba ya kiatu, maana mdomo ulikuwa unataka kwenda kwenye masikio. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Sumbawanga.

Halafu Jenifa akatoka nje. Akachuchumaa pembeni ya kichaka. Akachuma majani mawili, akayafikicha kiganjani, akanusa, akafumba macho.

Raha ikakatika hapo hapo.

Sijui nikuelezeje. Nilimwona baba, basi. Mkono ule ule, kufumba macho kule kule. Na nikamwona mtu aliyeachwa, ambaye amebakiwa na kichaka tu, na mimi ndiye nimekuwa nakuja kila wiki kumuulia. Alikuwa na sweta iliyotoboka kiwiko. Nilichoka ghafla. Miezi miwili ya kuchukia ni kazi, na mimi nilikuwa naifanya bila likizo.

Nikaenda nikachuchumaa karibu naye.

"Jenifa, nisikilize vizuri leo."

Akafungua macho.

"Baridi imeingia, na kiangazi bado kirefu. Usiukate huu mti sasa. Ukitaka majani ya saluni, chuma vijani vya juu tu, kidogo kidogo. Usiingie na mkasi ndani kwenye matawi makavu yale yenye gome, ukikata hapo hapachipui tena maisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na maji acha. Kabisa. Kwenye maji nilikosea. Wenyewe utajilinda mpaka mvua ya kwanza."

Kisha akaingia ndani, akatoa daftari, akaandika. Hakunikopesha hata tabasamu.

Mimi nikaondoka mwepesi. Nilijisemea, Zita, umekuwa mtu mzima. Raymond nimemwachia Mungu na huyo wa Kasanga, kichaka nimemwachia Jenifa, baba akitaka kunisamehe anisamehe. Nilihisi kama nimetoka kuungama.

Wiki hiyo hiyo mjomba wangu Benjamini aliniita kijijini kwake Kaoze nikamsaidie kuvuna, mgongo unamsumbua. Nilikaa huko wiki sita. Ninavyofanya kazi nawaza, nikirudi nitamwambia Jenifa ukweli. Nitamwambia mimi ni nani, na kichaka kilikuwa cha nani. Nilipanga hadi maneno.

Nilirudi katikati ya mwezi wa nane. Sikuenda hata nyumbani, nilishuka na mfuko wangu wa ulezi nikaenda moja kwa moja saluni.

Pembeni ya mlango kulikuwa na fimbo.

Fimbo sita au saba za kijivu zimesimama kwenye tope. Hakuna jani. Zimekatwa chini kabisa, kwenye mti mkavu, kila moja. Udongo umelowa mpaka unang'aa, kuna ndoo pembeni bado ina maji.

Sauti iliyonitoka sikuijua. Jenifa alikuja mbio na kitana mkononi.

"Umefanya nini!" nikapiga kelele. "Umekifanya nini?"

Aliangalia fimbo, akaniangalia mimi. Hakuonekana kushangaa.

"Nimefanya kinyume cha ulichosema," akajibu. "Kama siku zote."

"Nini?"

"Wewe ni Zita. Mke wa Raymond."

Nikautua chini mfuko wa ulezi.

"Siku ya kwanza ulivyoingia hapa na kilemba chako nilikujua. Raymond ana picha ya harusi yenu kwenye simu, hajawahi kuifuta. Nikasema ngoja nimsikie. Mke wa mtu hawezi kuja kunifundisha kutunza zawadi ya mumewe. Kila ulichosema nikaandika, ukiondoka nafanya kinyume chake."

Alizungumza taratibu, hakuwa anagomba.

"Ulisema nyasi na samadi, nikaweka kokoto na mchanga wa mafundi. Ulisema maji asubuhi na jioni, sikuweka hata tone. Ila Jumanne nilikuwa namwaga kikombe kimoja juu kabla hujafika, uone umelowa. Mbolea sikununua. Povu nilimwaga barabarani. Mti ukastawi mpaka watu wakanipongeza. Dada, umenifundisha vizuri sana. Hukuwahi kukosea hata mara moja."

Nikaelewa. Miezi miwili nilikuwa nimemfundisha kazi ya baba yangu yote, kwa kuigeuza chini juu. Nilidanganya bila kuchanganya hata chembe ya ukweli, ikawa ni rahisi kwake.

"Lakini siku ile ya mwisho," nikasema, "siku ile nilisema kweli."

"Ningejuaje?"

"Nilichuchumaa hapa na wewe!"

"Ulichuchumaa, ndiyo. Lakini kabla ya hapo nilikuambia Raymond kaniacha, ukainama kukaza kamba ya kiatu. Ulikuwa umevaa malapa."

Nilikuwa nimevaa malapa.

"Nilikuona unavyocheka. Halafu ukaja unaniita Jenifa nisikilize, usikate, usimwagilie. Nikajua leo ndiyo amekuja kunimalizia. Nikaingia na mkasi mpaka ndani, na maji nikaanza, asubuhi na jioni. Nilipoona kinanyauka nikasema nimechelewa, nikaongeza maji."

Mteja mmoja alichungulia dirishani na rola kichwani. Jenifa akamwonyesha kwa mkono arudi ndani.

"Kilikuwa cha baba yangu," nikasema.

"Nini?"

"Hicho kichaka. Alinipandia nikiwa mtoto. Alikufa ananusa majani yake."

Nikamwona uso unabadilika.

"Raymond aliniambia kakinunua misheni," akasema pole pole. "Haki ya Mungu, aliniambia kakinunua."

Nilipiga magoti kwenye tope. Mti ulio hai ukiukwangua gome kwa kucha, chini unakuta kijani. Nikashika fimbo ya kwanza, nikakwangua. Kahawia. Ya pili, kahawia. Jenifa akatupa kitana, akapiga magoti upande wa pili, na yeye akaanza kukwangua. Tulikwangua mpaka chini kwenye shina, mpaka kucha yangu ikachanika. Shina lilikuwa laini, linabonyea, linanuka kuoza.

"Yale matawi uliyokata yako wapi?" nikauliza.

"Majani niliyakausha kwa ajili ya saluni. Vijiti nimepikia."

Tukabaki tumekaa chini wanawake wawili, matope hadi magotini.

"Dada Zita," akasema baadaye, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita jina langu, "kwa nini hukuniomba tawi? Moja tu. Ulikuwa unakuja hapa kila Jumanne. Hata kuniomba usingehitaji, ningekuwa naosha mtu nywele, ukavunja ukaondoka."

Hapo ndipo nililia.

Kwa sababu ni kweli. Rozimari haihitaji mbegu, haihitaji fundi. Unakata kijitawi kichanga cha urefu wa kiganja, unapukutisha majani ya chini, unachomeka kwenye kopo la mchanga kivulini, unasubiri mwezi na nusu. Baba mwenyewe alianza na kijitawi alichopewa na Sista. Kingeota nyuma ya jiko langu kichaka kile kile, si mtoto wake wala ndugu yake, ni chenyewe. Nilijua hilo tangu nina miaka kumi.

Jumanne saba nilikuwa nimeshika matawi ya baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikitafuta jani la njano. Sikuchukua hata moja. Halikunijia hata kichwani. Nilikuja kuua, na mtu aliyekuja kuua habebi mchanga.

Raymond yuko Kasanga. Nasikia amenenepa. Katika mkasa huu wote hajaguswa hata unywele, mimi na Jenifa ndio tuliokuwa tunashindana nani kamweza mwenzake. Na hakuna kichaka tena, kwa Jenifa wala kwangu. Shimo langu la mlangoni nimelifukia, lakini udongo umetitia, mvua ikinyesha panatuama maji.

Haya. Umesoma hadi hapa, kwa hiyo unasubiri nikuambie usilipize kisasi, msamehe aliyekukosea. Mimi si padri. Nawajua watu waliolipiza wakalala vizuri kabisa.

Nakuambia hili tu. Kabla hujaenda kumharibia aliyekuchukulia cha kwako, jiulize kama hapo alipokiweka huwezi kukipata tena. Angalia vizuri, kwa macho ambayo hayajajaa huyo mtu. Mimi niliangalia Jenifa miezi miwili mizima. Kichaka sikukiangalia.